Betri nne za sola, na kila moja itakachowaachia wajukuu

Paneli ya sola ikishafungwa juu ya bati hukaa miaka 25 au zaidi bila kumsumbua mtu. Haina kinachozunguka wala kinachomwagika, na hata ikichoka hupungua nguvu kidogo kidogo. Yenye maneno ni betri iliyo chini yake. Ndiyo inayokufa, ndiyo inayobadilishwa, na ndiyo inayoishia nyuma ya nyumba imelala ubavu, mwenyewe keshasahau aliinunua lini. Kwa hiyo hapa betri hazipimwi kwa mwanga wa usiku wa leo peke yake. Zinapimwa pia kwa swali ambalo halijaandikwa kwenye katoni: baada ya miaka kumi ya kutumika kila siku, ni vitu gani vitakuwa vimepita kwenye ua huu, na vimekwenda wapi?

Zinazolinganishwa ni nne: betri ya gari iliyogeuzwa kuwa ya sola, betri ya sola ya maji, betri iliyofungwa (ile ya AGM, ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo, au ya jeli), na lithiamu ya fosfati ya chuma, ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Zote zichukuliwe kuwa za volti 12 na ampea-saa 100, katika nyumba inayokula kama wati-saa 500 kwa usiku: taa nne tano za LED, televisheni ndogo kwa saa tatu nne, simu za watu wa nyumbani, redio, na kifaa cha intaneti. Paneli iwe ya wati 160 hadi 200. Ikiwa ndogo kuliko hapo, kwa jua kali la saa tano kwa siku, betri za risasi hazitajaa sawasawa, na betri ya risasi isiyojaa inaanza kufa tangu wiki ya kwanza.

Kabla ya kufika kwenye betri yenyewe, ieleweke risasi ni kitu gani, maana tatu kati ya hizi nne zimejaa risasi. Betri hizo tatu ni kitu kilekile alichokibuni Gaston Planté nchini Ufaransa mwaka 1859: mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya asidi ya salfuri. Kama asilimia 60 ya uzito wa betri ni risasi. Madini haya hayaozi wala hayaliwi na bakteria. Yakitua ardhini hukaa kwenye sentimita chache za juu za udongo, palepale mtoto anapochezea. Barafu ya Greenland mpaka leo ina tabaka lenye risasi iliyopeperushwa na tanuri za enzi za Warumi, na waliozichochea tanuri hizo hawakujua kwamba kuna kisiwa kinachoitwa Greenland. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923, na nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Karibu karne nzima ya moshi, na mabaki yake bado yamo kwenye udongo wa kando ya barabara za zamani.

Ikiingia mwilini, risasi hujificha kwenye mifupa kwa sababu mwili huidhania kalisi. Hukaa humo miongo mingi. Mwanamke akipata mimba, mifupa huachia kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo, hupita kwenye kondo la nyuma, na baadaye kwenye maziwa. Maana yake ni kwamba msichana aliyechezea udongo mchafu akiwa na miaka mitatu anaweza kumpa mtoto wake kile ambacho mtoto mwenyewe hajawahi kukigusa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 800, mmoja kati ya kila watatu duniani, wana kiwango cha mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu. Kinachoharibika kwao ni ubongo unaokua, na hauponywi.

Betri ya gari haichukui maneno mengi. Imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe upya hapohapo na alteneta. Ndiyo maana mabamba yake ni mengi na membamba. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, unga wa mabamba hayo hupukutika na kurundikana chini ya boksi hadi mabamba yagusane. Mwaka mmoja, ikibahatika miwili, imekwisha. Kwa miaka kumi hesabu betri sita au saba, kila moja ikiwa na kilo 14 hivi za risasi, yaani zaidi ya kilo 80 zilizopita kwenye nyumba moja ili kuwasha taa. Kama unafungiwa mfumo na fundi akakuletea betri yenye picha ya gari kwenye lebo, mrudishe nayo.

Betri ya sola ya maji ni ndugu yake aliyelelewa vizuri zaidi. Mabamba yake ni manene na unga umeshikwa imara, kwa hiyo huvumilia kushushwa na kupandishwa kila siku. Ikitunzwa hufika miaka minne hadi sita. Isipotunzwa, haina tofauti kubwa na ya gari, na hilo ndilo tatizo lake: uhai wake wote unategemea mtu wa nyumbani.

Kwanza, isishushwe chini ya nusu. Ipumzike saa nne bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha ipimwe kwa mita: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, 11.9 inakaribia kuisha. Kati ya paneli na betri hukaa kontrola, kifaa kinachosimamia chaji. Nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukata umeme kwenye volti 11 au chini kidogo, na hapo betri huwa imeshaumia. Ingia kwenye mipangilio, pandisha kiwango cha kukata hadi 11.8 au 12.0. Taa zitazimika mapema siku za mawingu, na watu wa nyumbani watalalamika. Waache walalamike.

Pili, ijazwe hadi mwisho, na mara nyingi. Betri inapotumika, mabamba hupata unga laini wa salfeti ya risasi, na inapochajiwa unga huo huyeyuka tena. Ikiachwa wiki kadhaa nusu tupu, unga hugeuka kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi kuzirudisha. Hicho ndicho chanzo cha betri "inayojaa haraka na kuisha haraka". Kiwango cha kuchajia ni volti 14.4 hadi 14.8, na cha kuitunza ikishajaa ni 13.5 hivi. Chumba kikiwa na joto la nyuzi 35 na kontrola haina kihisi joto, punguza volti 0.2 kwenye viwango vyote viwili. Joto lenyewe ni adui: kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri wa betri ya risasi karibu nusu, kwa hiyo betri iliyowekwa darini chini ya bati moto imehukumiwa siku ileile ya kufungwa.

Tatu ni maji, na hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani huharibu. "Maji ya betri" ni jina la vitu viwili tofauti: asidi ya kujazia betri mpya na maji yaliyokenekwa ya kuongezea. Kinachopungua betri ikichajiwa ni maji, asidi haiendi popote. Ukiongeza asidi, unaifanya kuwa kali kuliko inavyotakiwa, na mabamba huliwa. Tumia maji yaliyokenekwa tu. Ya bomba, ya kisima au ya mvua yaliyopita juu ya bati yana madini yanayoua seli (vile vyumba sita vya ndani ya betri) polepole. Ongeza baada ya kuchaji, siyo kabla, mpaka maji yawe sentimita moja juu ya mabamba. Kama mabamba tayari yako wazi, yafunike kwanza kidogo tu, chaji hadi mwisho, ndipo ujaze sawasawa. Ukijaza kabla, asidi itapanda na kumwagika kupitia vifuniko, na itakula sakafu.

Mara moja kwa mwezi au miezi miwili, pima kila seli kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha ukali wa asidi. Betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280. Seli zikitofautiana kwa zaidi ya 0.030, ichaji kwa volti 15 hadi 15.5 kwa saa moja hadi tatu ili zisawazike, madirisha yakiwa wazi, kwa sababu hewa ya haidrojeni inayotoka hulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba. Baada ya hapo kama seli moja bado iko nyuma kwa 0.050, seli hiyo imekufa, na betri nzima pamoja nayo. Vichwa vyenye ukungu mweupe au wa kijani vioshwe kwa kijiko cha baking soda kwenye kikombe cha maji, vifuniko vikiwa vimefungwa, kisha vipakwe vaselini. Na kamwe betri mpya isiungwe sambamba na ya zamani "ili kuongeza nguvu". Ya zamani huivuta mpya hadi nayo izeeke.

Kwa utunzaji huo, miaka kumi hupitisha betri mbili au tatu za kilo 29 hivi, yaani risasi kama kilo 35 hadi 50. Namba hiyo inatisha, lakini haijasema yote. Risasi ikirudi kwenye kiwanda chenye vichujio vya moshi, karibu yote huyeyushwa na kuwa betri nyingine. Ni miongoni mwa bidhaa chache duniani ambazo kweli zinaweza kuzunguka hivyo miaka nenda miaka rudi. Tabu ni kwamba risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila kuhangaika. Yeyote mwenye sufuria na shoka anaweza kuwa "kiwanda".

Betri iliyofungwa haiongezwi maji na haimwagi asidi hata ikipinduka, kwa hiyo inafaa kwa chumba cha kulala au mahali ambapo hakuna mtu wa kuikagua. Lakini maneno "haihitaji matengenezo" yasomwe kwa jicho la pili: maana yake pia ni kwamba haitengenezeki. Ikichajiwa kupita kiasi, hewa hutoka kwenye vali na haina njia ya kurudishwa. Isichajiwe kamwe kwa ile volti 15 ya kusawazisha. Ya jeli inataka 14.1 au 14.2, zaidi ya hapo jeli hupata mapovu yasiyotoka. Ya AGM inakubali 14.4 hadi 14.6. Hukaa miaka mitatu hadi mitano, risasi yake ni nyingi kama ya ile ya maji, na kwa mtazamo wa urithi haina faida kubwa ila moja: mwenye kuiondoa hashawishiki kumwaga asidi yake mtaroni.

Sasa lithiamu, inayosifiwa sana, na sehemu ya sifa hizo inastahili.

Seli zake nne za volti 3.2 huunganishwa kupata 12.8. Hiyo namba ikariri, kwa sababu kuna lithiamu nyingine yenye nikeli na kobalti ambayo seli zake ni za volti 3.6 au 3.7, na huwaka moto kwa urahisi zaidi. Lebo ikisema 11.1 au 14.8, hiyo ndiyo nyingine, hata kama muuzaji anaapa. Ya fosfati ya chuma haina risasi, haina kobalti, haina nikeli. Ina uzito wa kilo 11 au 12. Inaweza kushushwa hadi ibaki asilimia 10 au 20 bila kuumia, na kati ya umeme unaoingia, zaidi ya asilimia 95 hutoka tena, wakati ya risasi hurudisha 80 hadi 85. Kwa hiyo ampea-saa 100 za lithiamu hufanya kazi ya karibu 200 za risasi, na kwenye nyumba yetu ya wati-saa 500 hata ya ampea-saa 60 inatosha. Watengenezaji wazuri huandika mizunguko 2,000 hadi zaidi ya 4,000. Miaka kumi ya kila siku ni mizunguko 3,650, na kwa kuwa nyumba hii haiishushi ile ya 100 hata nusu, betri moja yaweza kuumaliza muongo mzima.

Kinachoiua mara nyingi si seli bali bodi ya ulinzi iliyo ndani. Bodi hiyo huangalia volti ya kila seli na kukata seli moja ikizidi au ikipungua. Dalili ni betri kuzimika ghafla wakati mita ilikuwa inasoma 13, au kukataa chaji kabla haijafika 14. Mara nyingi ni seli zimepishana tu. Iache kwenye volti 14.2 kwa saa mbili, siku tatu mfululizo, bodi izisawazishe. Ikishindikana, bodi ibadilishwe, kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua kuchomelea risasi ya waya. Na hapa kuna jambo ambalo matangazo huliruka: boksi nyingi zimegundishwa kwa gundi, hazifunguki bila kupasuliwa. Betri yenye seli nzima inatupwa kwa sababu ya bodi yenye ukubwa wa kiganja. Nunua yenye kifuniko cha skrubu. Hata kama ina ampea-saa chache kidogo kuliko jirani yake iliyogundishwa, nunua ya skrubu.

Mipangilio yake ni tofauti na ya risasi, na kontrola ya zamani ikiachwa kama ilivyo itaiharibu. Kuchaji 14.2 hadi 14.4, kutunza 13.4 au 13.5, kusawazisha kuzimwe kabisa, na marekebisho ya joto yazimwe. Kukata iwe 12.0, ili bodi ya ndani ibaki kuwa mlinzi wa mwisho na siyo swichi ya kila usiku. Isichajiwe joto likiwa chini ya nyuzi 0, kwani lithiamu hujipaka kama chuma juu ya grafaiti, ile kaboni iliyo ndani ya seli, na haitoki. Kwa wengi hili ni suala la milimani tu. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na kichwa cha chanya, ndani ya sentimita 20, maana waya zikigusana betri hii hutoa ampea nyingi mno kwa wakati mmoja. Ikiwekwa akiba miezi mingi, iwe nusu, si tupu wala imejaa.

Upande wake wa pili sasa. Kwenye katoni huandikwa "rafiki wa mazingira", na hapo pana kutia chumvi. Sehemu ya lithiamu ya dunia huvunwa kwa kuachia maji ya chumvi yakauke juani, kama inavyofanyika jangwa la Atacama nchini Chile, mahali ambapo maji ni haba tangu zamani. Mzigo huo unabebwa na watu wa huko, hauonekani kwenye ua wako. Pia kwa sababu haina kobalti wala nikeli, betri iliyokufa haina kitu cha thamani kubwa ndani, na wanaorejeleza hawaifuati kama wanavyofuata risasi. Betri ya risasi iliyokufa hupata mnunuzi mlangoni kabla ya jua kuzama. Ya lithiamu inaweza kukaa stoo miaka kumi bila mtu kuiulizia. Umoja wa Ulaya umeweka sheria mwaka 2023 inayowataka wanaorejeleza wapate angalau asilimia 50 ya lithiamu kufikia mwisho wa 2027 na asilimia 80 kufikia mwisho wa 2031, lakini penye soko dogo na pasipo sheria kama hiyo, njia ya kuirudisha mara nyingi haipo. Kukaa stoo si vibaya. Vibaya ni kuitoboa au kuitupa kwenye moto wa takataka, kwa kuwa chumvi ya florini iliyomo hutoa hewa ya haidrojeni floraidi, inayounguza mapafu.

Kuhusu seli zilizotumika, zinazotolewa kwenye magari ya umeme na kuuzwa upya: zikipimwa moja moja zina maana kubwa, zinapewa uhai wa pili badala ya kutupwa. Zisipopimwa ni bahati nasibu. Muuzaji aonyeshe namba ya kila seli, uwezo uliopimwa na ukinzani wake wa ndani. Asiye na karatasi hiyo hajapima.

Feki zipo kwa aina zote, na kifaa cha kwanza cha kuzigundua ni mizani. Betri ya maji ya ampea-saa 100 yenye asidi ndani ina kilo 28 hadi 32. Ikiwa na kilo 18, hiyo si 100, hata lebo iseme nini. Lithiamu ya kilo 6 haiwezi kuwa 100, na iliyozidi sana kilo 13 ichunguzwe, kuna waliokuta mchanga ndani ya boksi. Kipimo cha pili ni mzigo. Jaza betri hadi mwisho, unganisha taa au feni inayokula ampea 5 (kama wati 60), iache saa 10. Ya risasi ikipumzika saa nne baada ya hapo isome karibu 12.2. Ikisoma 11.8, umeuziwa ampea-saa 60 au 70. Ya lithiamu haipimiki kwa volti, kwa sababu husimama karibu 13.1 tangu mwanzo hadi karibu na mwisho. Yenyewe iachie mzigo huo hadi bodi ikate, haitaumia, na ihesabiwe saa: zikiwa chini ya 18, rudi dukani.

Swali la wapi inakwenda linaamuliwa siku ya kununua, siyo siku ya kutupa. Muuzaji aulizwe kama anapokea betri iliyokufa, anaipokea ikiwa na asidi yake ndani, na anaipeleka wapi. Jibu la swali la katikati ndilo la kusikiliza kwa makini. Anayenunua kwa kilo na kutaka asidi imwagwe kwanza ili uzito upungue anakuachia wewe sehemu mbaya: asidi hiyo ina risasi iliyoyeyuka ndani yake, na ikishaingia kwenye udongo haitoki. Kanuni za kimataifa ziko wazi. Betri za risasi zilizokwisha ni taka hatari chini ya Mkataba wa Basel wa mwaka 1989. Lakini mkataba hausimami mlangoni kwako, na hata kuwepo kwa kiwanda si dhamana. Huko Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo betri zilivunjwa na udongo wake kuchekechwa kutafuta risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chenye ukuta na geti, ubavuni mwa makazi, na ilimchukua mwanaharakati Phyllis Omido miaka ya kupigana kabla hakijafungwa. Akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Udongo wa pale haukubadilika kwa ajili ya tuzo.

Ukingoja kuipeleka, betri ya risasi isimame wima ndani ya beseni la plastiki, vichwa vifungwe kwa selotepu, iwe kivulini na mbali na watoto. Isivunjwe, isifunguliwe, isigeuzwe uzito wa kufungia mbuzi. Kama kuna mahali uani ambapo betri zilishawahi kuvunjwa, usifagie pakiwa pakavu, vumbi ndilo linaloingia mwilini. Mwagia maji, funika kwa udongo safi wa sentimita 20 au zege, na usipande mboga za majani hapo. Haswa mchicha na mboga nyingine zinazogusa ardhi hubeba vumbi hilo juu ya majani. Watoto wanaoishi karibu wapimwe damu. Kipimo ni cha kawaida, na matibabu ya kwanza ni kuwatoa kwenye chanzo.

Hukumu yetu, basi. Kwa nyumba nyingi, lithiamu ya fosfati ya chuma yenye kifuniko cha skrubu ndiyo ya kununua, ndogo kadiri matumizi yanavyoruhusu, na ikifa iwekwe stoo na isitobolewe. Betri ya sola ya maji si aibu kwa mtu aliye na mambo mawili: mkono wa kuipima kila mwezi, na muuzaji anayeipokea ikiwa nzima na asidi yake. Akikosa moja, asiichukue. Iliyofungwa ichukuliwe pale tu lithiamu haipatikani na hakuna wa kuongeza maji. Ya gari ibaki kwenye gari.

Na kabla hujaifunga, chukua rangi au kalamu ya wino usiofutika, andika ubavuni tarehe ya kununua, uzito uliosoma kwenye mizani, na jina la duka litakaloipokea. Lebo ya karatasi itabanduka. Atakayeiondoa huenda si wewe, na huenda hata hajazaliwa siku unapoiweka.